Bukavu: mama akipigwa nyumbani, ni mlango gani unaomfaa? Tathmini ya huduma za mji

Huduma za Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (RDC), kwa wamama walioumizwa zina sifa duniani, na sifa hiyo haikuokotwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt Denis Mukwege mwaka 1999 kusini mwa mji, ilikusanya mahali pamoja mambo manne ambayo kwingine mama anayatafuta siku nne: muganga, mshauri wa moyo, mwanasheria, na mafunzo ya kazi. Mwaka 2018 daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Ila utaratibu huo ulizaliwa na vita. Ulifikiriwa kwa ajili ya mwanamke aliyebakwa na mtu mwenye silaha, mtu ambaye jioni hatamkuta nyumbani akingoja bugali. Mama anayepigwa na bwana yake anapita milango ileile, halafu anarudi kulala na aliyempiga.

Na mama huyo si mmoja mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Kwa hiyo hapa huduma zinapimwa kwa macho yake yeye: zinamfaa kiasi gani, zinakatikia wapi, na jirani anayetaka kumsaidia aanzie wapi.

Kwa matibabu, mji unapata alama za juu. Kuna zoni tatu za afya, Ibanda, Kadutu na Bagira-Kasha, na katika zote kuna watu waliofundishwa kumpokea mama aliyebakwa, hata kama aliyembaka ni bwana yake. Vidonge haviulizi cheti cha ndoa. Kinachoulizwa ni saa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, ile inayoitwa PEP, lazima ianze ndani ya saa 72 na inamezwa siku 28 bila kuruka. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestrel miligramu 1.5, kinaweza kutolewa mpaka saa 120, lakini kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Zinafuata dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya hepatitisi B, na ya pepopunda kama kuna kidonda. Mama aliyekwisha kuoga aje vilevile, kuoga hakuzuii dawa hata moja. Nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi au azifunge ndani ya kitambaa, si kwenye sashe ya plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na nguo huota ukungu.

Kazi hii huharibika zaidi katikati ya dozi kuliko siku ya kwanza. Mama anapata kichefuchefu, bwana anapekua vyombo, vidonge vinafichwa juu ya dari, kisha vinasahauliwa. Kituo kizuri kinamuuliza mapema: utavificha wapi, na nani mwingine ana ufunguo? Kama hakuna mahali, vidonge vinakaa kwa jirani au kwenye kituo, naye anavimeza akienda sokoni. Kinampangia pia kurudi baada ya wiki moja, halafu kupimwa damu tena baada ya wiki sita na miezi mitatu. Kituo kinachompa chupa na kumuaga kimefanya nusu ya kazi.

Tangu Marekani ikate misaada ya USAID mwanzoni mwa 2025, PEP imekuwa ikikosekana mahali pengi. Kabla ya kumpandisha mama kwenye moto (pikipiki ya abiria), RECO wa avenyu, yaani mhudumu wa afya wa jamii, apigie simu muuguzi mkuu wa kituo na kuuliza: «PEP iko leo?» Asiulize «mnatoaga PEP?», maana jibu la swali hilo ni ndiyo hata rafu zikiwa tupu.

Pengo linaonekana mama anapokuja na kipigo peke yake, bila ubakaji. Miradi mingi imeandika «bure» kwa ajili ya ubakaji, kwa hiyo mwenye mkono uliovunjwa na bwana anaweza kukuta fakture kama mgonjwa yeyote. Uliza bei kabla ya redio (picha ya mifupa) na gipsi, na uulize kama kituo kina mfuko wa wasiojiweza. Kisha kuna jeraha moja ambalo vituo vidogo hulipita haraka: kukabwa koo. Mara nyingi halina alama. Sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, kujikojolea wakati wa kukabwa, kupoteza fahamu hata kidogo: lolote kati ya hayo ni la hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe au mshipa ulioumia unaweza kumrudia saa au siku kadhaa baadaye. Kukabwa ni ishara pia ya kwamba bwana amefika mbali. Mshauri asiyeuliza «alikushika shingo?» hajamaliza maswali yake.

Karatasi ya muganga ndiyo kitu ambacho vituo vingi hutoa vibaya, na ndiyo kesi nzima. Cheti kinachosema «amepigwa, ana maumivu» hakina kazi. Kinachofaa kina tarehe na saa ya uchunguzi, jina na muhuri wa daktari, kila jeraha mahali pake (mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, upande wa nje), urefu na upana kwa sentimita, rangi ya michubuko, maneno ya mama kama alivyoyasema bila kurembeshwa, na idadi ya siku ambazo hataweza kufanya kazi. Mstari huo wa mwisho ndio unaosahauliwa zaidi, na una uzito wa miaka. Katika Kodi ya Adhabu ya Kongo (kitabu cha sheria za makosa), kifungu cha 46 kinampa aliyepiga siku nane hadi miezi sita. Kipigo kikileta ugonjwa au kutoweza kazi, kifungu cha 47 kinapanda mpaka miaka miwili hadi mitano. Daktari akiacha nafasi hiyo wazi, ameshusha kesi bila kujua. Picha zipigwe mara mbili, moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu yenye rula au kalamu kando ya jeraha. Zirudiwe baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu michubuko huonekana zaidi ikikomaa.

Sasa nyumba za kusikiliza, ambazo ndizo mlango wa wamama wengi wasiothubutu kwenda hospitali. Ubora unapishana vibaya sana kati ya kartie na kartie, na bango la mfadhili halisemi lolote kuhusu hilo. Tazama kwanza mlango wenyewe. Nyumba iliyoandikwa «wahanga wa ubakaji» juu ya barabara kubwa imekwisha kumtangaza kila anayeingia. Zinazofanya kazi zina mashine za kushona, darasa la kusoma au uuzaji wa sabuni, na chumba cha kuzungumzia kiko nyuma, chenye mlango unaofungwa na pazia nzito. Mama anaweza kusema alikwenda kushona, na si uongo.

Kisha tazama daftari. Jina lisikae kwenye fishi moja na kisa. Fishi ina namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina inakaa kwenye kabati jingine lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja. Mahali ambapo daftari liko mezani wazi na mgeni wa kwanza anaweza kusoma nani alifika jana, ondoka. Mtu wa kawaida anaweza kulipima hili ndani ya dakika tano bila diploma yoyote.

Mshauri mzuri wa nyumba hizo, yule wanayemwita APS (mshauri wa moyo na jamii), anasema kidogo. Anasikiliza bila kuandika mwanzoni, anauliza mama anahitaji nini leo (chakula, mahali pa kulala, dawa, au masikio tu), anamwambia kwamba kosa si lake, halafu wanapanga usalama. Kuna makosa matatu yanayotosha kuivunja imani yote. La kwanza ni kumwita bwana «tumsikie naye» kabla mama hajakubali: mwaliko huo ukifika nyumbani, kipigo cha usiku ule ni cha mshauri. La pili ni kuuliza «ulimfanyia nini?». La tatu ni kudai ruhusa ya bwana kabla ya kumpeleka kwa mwanasheria. Hilo lilikuwa na msingi katika Kodi ya Familia ya 1987, lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa ya mume. Ajabu ni kwamba bado unaisikia kutoka kwa watu wenye tisheti za haki za wanawake.

Mpango wa usalama wenyewe si hotuba, ni vitu. Mfuko mdogo uliowekwa kwa mtu ambaye bwana hamfikirii (dada yake mama ndiye wa kwanza kutafutwa, kwa hiyo si yeye), wenye kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za chanjo, cheti cha ndoa kama kipo, dawa za kila siku, nguo moja kwa kila mtoto na franka za moto mbili. Neno la siri kwa jirani, neno la kawaida kama «nikopeshe chumvi ya mawe», lenye maana kwamba aje mara moja na watu. Mtoto mkubwa ajue nyumba ya kukimbilia, na asiambiwe aingilie kati. Ugomvi ukianza, mama asogee mbali na jiko: visu viko pale, na maji ya moto. Simu ni hatari yake yenyewe, maana ni ya watu wawili katika nyumba nyingi. Namba ya mshauri iandikwe kwa jina la muuza makala (mkaa), na APS asipige kwanza, angoje kupigiwa.

Mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi hupata lawama nyingi kuliko wanavyostahili. Saa saba za usiku, ni nani mwingine atakayegonga mlango? Kwa kuzima moto ni wazuri. Shida inakuja asubuhi, kwenye masikilizano. Kuna kipimo rahisi cha baraza la shefu: faini inaliwa na nani? Mbuzi akienda kwa baba mkwe na kasa ya bia ikinywewa na wazee waliokaa, mama amelipwa kwa kuambiwa avumilie, kwa sababu ya mahari. Shefu anayefaa anaandika karatasi yenye tarehe, kilichotendeka na ahadi ya bwana, anaweka mashahidi wawili ambao si ndugu wa bwana, anaagiza gharama za matibabu zilipwe kwa mama mkononi, na anasema mbele ya watu kwamba mara ya pili haisikilizwi kwake. Karatasi hiyo, hata kama haikuzaa haki siku ile, ni ushahidi wa kwamba kipigo cha pili si cha kwanza.

Ubakaji hauko kwenye uwezo wa shefu kabisa. Chini ya sheria 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 adhabu yake ni miaka mitano hadi ishirini, na sheria dada, 06/019 ya siku hiyohiyo, inasema kulipa faini ya mapatano hakuzimi kesi. OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) akipokea shauri lazima aarifu parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ndani ya saa 24, uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Kwenye karatasi ni mwendo mzuri. Lakini kipigo cha nyumbani hakina sheria yake maalumu nchini. Kinasukumwa chini ya vifungu vya kupiga na kujeruhi ambavyo ni vya ugomvi wowote wa barabarani, bila amri ya kumtoa bwana nyumbani wala ya kumzuia asimkaribie mama. Hapo ndipo huduma ya sheria inapopungukiwa, hata mwanasheria akiwa hodari.

Na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, mahakama na parke za serikali ziliacha kufanya kazi hapa. Kliniki ya sheria inayomwahidi mama kesi ya haraka inamuuzia upepo. Inayofaa kwa sasa ni ile inayokusanya na kuhifadhi: cheti asilia mahali salama nje ya nyumba, nakala mbili, picha, majina ya mashahidi, tarehe za kila kipigo, karatasi ya shefu. Pia inaangalia ndoa. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa eta-sivili (ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa) humwacha mama bila pa kushika siku ya kugawana nyumba, kwa hiyo mashahidi wa mahari waandikwe wakiwa bado hai na bado wanakumbuka.

Pa kulala ni udhaifu mkubwa wa Bukavu. Watu humwambia mama «nenda Cité de la Joie», na huko ni kumpoteza. Nyumba hiyo, iliyofunguliwa 2011, ni shule ya uongozi ya miezi sita, hadi wanawake 90 kwa kundi, vijana wa miaka 18 hadi 30, wanaochaguliwa kabla. Inafanya kazi yake vizuri sana, lakini si mlango wa kugonga usiku na watoto watatu mgongoni. Maison Dorcas ya Fondasyo Panzi nayo inapokea waliopitia matibabu, pamoja na mafunzo ya ufundi. Kwa usiku ule wa kwanza kinachobaki ni familia za kupokea: mama mtu mzima wa kanisa au wa MUSO (kundi la kuweka akiba na kukopeshana) anayetoa chumba kwa siku chache. Zinafanya kazi zikiwa na masharti: siku zihesabiwe tangu mwanzo, chakula cha watoto kitoke kwenye mfuko wa kundi na si kwenye sufuria ya mwenye nyumba, na nyumba isiwe avenyu moja na ya bwana. Bila sharti la chakula, ukarimu unakwisha siku ya nne na mama anarudi kwa aibu.

Ndiyo maana MUSO inapata hapa alama ambazo miradi mikubwa haipati. Benki zilipofunga milango mjini mwaka 2025, sanduku liliendelea kukutana kila wiki. Muundo unajulikana: kasha la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa dharura, na la buluu kwa pesa inayotoka nje. Kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu wa nyumba tofauti. Kwa suala letu kasha linalookoa ni jekundu. Chukua wamama 25, kila mmoja akitoa franka 500 kwa wiki: ni 12 500 kwa wiki, 50 000 kwa wiki nne, pesa ya moto, ya dawa ya kwanza na ya unga wa siku chache. Tatizo liko kwenye kanuni. Makundi mengi yanadai sababu isemwe mbele ya wote, na hakuna atakayesimama kusema «nilipigwa». Kanuni nzuri inampa rais wa kundi na mshika funguo mmoja uwezo wa kutoa mpaka kiasi fulani papo hapo, na daftari linaandikwa «dharura» basi.

Kasha la kijani lina hatari yake, na waendeshaji wengi hawaisemi. Mkopo mkubwa ukiingia nyumbani kwa mpigaji, ugomvi unaingia nao. Anaunyang'anya, deni linabaki kwa mama, kundi linamfuata mama. Dawa yake ni mkopo wa kwanza mdogo, utolewe kwa bidhaa (gunia la makala, debe la mafuta, baloti ya mivaa ya kuuza) badala ya noti, na bidhaa ilale kwa mwenzake wa soko la Kadutu au Nyawera. Mgao wa mwisho wa mwaka usitangazwe tarehe. Ufanywe kabla ya shule kufunguliwa Septemba, pesa iende moja kwa moja kwenye minervali (karo) ya watoto. Kwenye sikukuu za Desemba kila bwana anajua kuna pesa ndani. Na kundi linalomfukuza mama aliyekosa vikao vitatu bila kumtembelea linamfukuza yule hasa anayefungiwa nyumbani.

Makundi ya kuwafundisha wanaume waache kupiga yanakuja mwisho kwa sababu yanasifiwa kuliko yanavyopimwa. Living Peace, lenye mizizi Goma, hukaa na wanaume vikao 15, wake zao wakiingizwa baadhi ya siku. EMAP, mpango mwingine wa namna hiyo, ni wiki 16 kwa wanaume, ikitanguliwa na vikao vya wanawake. Yana mambo mazuri: mwanaume anajifunza kutoka nje hasira inapopanda, kuhesabu pesa ya kasiksi (pombe ya ndizi) mbele ya mke, kubeba maji bila kuchekwa. Lakini EMAP ilipopimwa kwa kulinganisha makundi katika Kivu Kaskazini na Ituri, kwa utafiti uliochapishwa 2020, wanaume walisema mambo mazuri zaidi, na bado vipigo vilivyoripotiwa na wake zao havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia unapochagua kundi la kartie yako. Uliza nani anamhoji mke, wapi, na kama bwana anajua siku ya mahojiano. Kundi linalotegemea ushuhuda wa bwana mwenyewe kanisani, makofi yakipigwa, lisimpe mama ruhusa ya kurudi nyumbani. Na mwenye historia ya kukaba au ya panga asipangiwe kikao cha pamoja na mke wake hata wiki ya 15.